Namna ya Kuwaandikia Wataalamu Habari za Kufundisha Nyimbo

Waalimu wafundishao nyimbo wana maarifa mengi yasiyopata kuandikwa. Mtu amefundisha miaka ishirini, ajua wimbo upi huwashinda watoto na kwa sababu gani. Lakini akipeleka makala kwa mhariri wa jarida la wataalamu, kama African Music lililoanza mwaka 1954, au British Journal of Music Education la mwaka 1984, pengine hurudishiwa. Mara nyingi maarifa yake ni ya kweli, ila hayakupangwa hata mgeni aweze kuyapima. Na maarifa yasiyoandikwa humfuata mwenyewe kaburini. Kwa hiyo yafaa tueleze mambo manne ambayo wahariri huyatazama.

La kwanza ni swali. "Faida ya muziki shuleni" ni bahari. Hakuna awezaye kuivuka kwa kurasa chache. Chagua jambo moja dogo. Mathalani, neno la Kiswahili kwa kawaida hutiwa mkazo katika silabi ya pili toka mwisho: katika neno upendo, nguvu i juu ya pe. Lakini tuni nyingi zilizotungiwa mashairi ya Kiingereza huishia kwa pigo la nguvu, na mfasiri asipoangalia, nguvu ile huangukia silabi ya mwisho. Basi uliza: Je, watoto hujifunza upesi zaidi wimbo ambao mkazo wa maneno na pigo la tuni vimepatana? Hilo ni swali, nalo laweza kujibiwa.

La pili ni ushahidi. Ukiandika, "Watoto waliimba vizuri sana," msomaji atauliza: Watoto wangapi? Wa umri gani? Vizuri kwa masikio ya nani? Tuseme una watoto arobaini. Wagawe kwa kura makundi mawili. Mwalimu yule yule awafundishe tuni ile ile kwa muda ule ule, kundi moja kwa maneno yaliyopatana na tuni, la pili kwa maneno yasiyopatana. Kisha sauti zao zinaswe kwa mashine, na watu wawili wasiojua swali lako wazisikilize, kila mtu peke yake. A. M. Jones, aliyekuwa mmisionari katika nchi iitwayo leo Zambia, alituachia mfano mwema. Katika kuchunguza mapigo ya ngoma hakutegemea sikio lake tu, bali alitumia mashine iliyotia alama za mapigo juu ya karatasi, akaeleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1959. Wataalamu wengine wamepinga baadhi ya maelezo yake. Lakini kwa kuwa alionyesha njia yake, waliweza kujua wampinge wapi.

La tatu ni kuandika sauti zenyewe. Herufi za sol-fa, alizozieneza John Curwen (1816–1880) huko Uingereza, ni nyepesi kuchapa na wengi wetu twazijua. Hata hivyo zimefuata ngazi ya sauti za Ulaya. Mwimbaji wa kijijini akiweka sauti yake katikati ya mi na fa, usimsahihishe kwa kalamu. Andika ya kuwa sauti ilikuwa katikati.

La nne ni mpango. Anza kwa muhtasari mfupi. Eleza waliokutangulia walisema nini. Kisha njia uliyofuata, uliyoyaona, na mwisho maana yake. Usichanganye uliyoyaona na unayoyadhani. Ikiwa watoto wa kundi lisilotazamiwa ndio waliofanya vema, liandike jambo hilo wazi, kwa maana atakayeficha moja hataaminiwa katika mengine.

Tena iko adabu ya kazi. Omba ruhusa ya wazazi, wala usichapishe majina ya watoto. Soma masharti ya jarida kabla ya kupeleka. Mengi huwaficha waamuzi jina la mwandishi, basi jina lako lisitokee ndani ya makala. Usipeleke makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Na ikirudi pamoja na masahihisho, usikate tamaa: jibu kila neno kwa zamu yake, ukionyesha ulipobadili, na usipobadili utoe sababu. Makala nyingi njema zimepita njia hiyo kabla ya kuchapishwa.