Kolwezi: Somo la jiografia liko chini ya miguu ya wanafunzi

Mtoto anayesoma katika komini ya Manika, mjini Kolwezi, anaweza kumaliza sekondari akijua kuchora volkano ya Etna na kueleza tsunami ya Japani, lakini hajawahi kuonyeshwa ramani ya mtaa anaolala. Kilomita chache kutoka darasani kwake, ardhi inachimbwa mchana na usiku, na kila msimu wa mvua kuna kuta za udongo zinazolegea na kuanguka.

Pengo hilo sasa linaweza kuzibwa bila kungoja kitabu kipya. Picha za setilaiti, orodha za matetemeko ya ardhi, ramani za moto wa porini na michezo ya kufundishia majanga vinapatikana bure kwenye intaneti. Vingi vinaionyesha Lualaba kwa undani ambao si rahisi kuupata katika kitabu cha shule. Kazi iliyobaki ni kuvifikisha ubaoni, katika mkoa ambao shaba na kobalti yake husafiri dunia nzima huku shule zake nyingi zikihesabu mega za intaneti moja moja.

Somo lililookoa watu 100

Tarehe 26 Desemba 2004, Tilly Smith, mtoto Mwingereza wa miaka 10, alikuwa na wazazi wake katika ufuo wa Maikhao, Phuket, nchini Thailand. Aliona bahari inatoa povu na maji yanakwenda na kurudi kwa namna isiyo ya kawaida. Wiki mbili kabla, mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewafundisha kuhusu tsunami na kuwaonyesha filamu ya zamani ya mawimbi yaliyopiga Hawaii. Mtoto akapiga kelele, wazazi wakawaarifu walinzi, ufuo ukaondolewa watu. Takriban watu 100 walinusurika siku ambayo zaidi ya watu 200,000 walikufa kando ya Bahari ya Hindi.

Kolwezi iko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hakuna wimbi litakaloifikia. Funzo la Maikhao ni lingine. Mtoto aliyefundishwa kutambua dalili za hatari anaweza kuziona mapema kuliko watu wazima waliomzunguka. Kwa Lualaba dalili hizo ni ufa juu ya ukingo wa shimo, mti au nguzo iliyoanza kuinama, na maji ya matope yanayotoka mahali palipokuwa pakavu.

Mji kutoka angani

Kifaa cha kwanza ambacho mwalimu anaweza kukitumia ni Google Earth. Programu hiyo huonyesha Kolwezi kwa picha za karibu na, kwa maeneo mengi, huruhusu kurudi nyuma miaka kadhaa. Setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu 1972. Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hupita juu ya eneo lilelile kila baada ya siku tano hivi, na picha zake hutolewa bure kwa yeyote.

Mwanafunzi akitazama picha hizo huona mashimo makubwa ya mgodi wa KOV yamekaa ubavuni mwa makazi. Huona ziwa Nzilo, ambalo si la asili bali limetokana na bwawa kwenye mto Lualaba. Akilinganisha miaka, huona mitaa inavyosogea kuelekea mashimo na mashimo yanavyosogea kuelekea mitaa.

Picha kama hizo zimekwisha kutumika kama ushahidi. Mnamo Septemba 2023, Amnesty International na shirika la Kikongo la IBGDH walitoa ripoti kuhusu familia zilizohamishwa kupisha migodi mjini Kolwezi na maeneo ya jirani, na picha za setilaiti zilikuwa sehemu ya uthibitisho wao. Kinachotumiwa na watetezi wa haki kinaweza kutumiwa pia na darasa la nne la sekondari.

Mvua, ukuta na daraja

Tarehe 27 Juni 2019, sehemu ya shimo la KOV katika eneo la kampuni ya Kamoto Copper ilianguka na kuwafukia wachimbaji wadogo. Richard Muyej, aliyekuwa gavana wa Lualaba, alitangaza vifo 36 mwanzoni, na hesabu ikapanda baadaye.

Tarehe 15 Novemba 2025, watu wasiopungua 32 walikufa katika machimbo ya Kalando, eneo la Mulondo, baada ya daraja la muda lililopita juu ya mtaro uliojaa maji kuanguka. Serikali ya mkoa ilisema watu walikuwa wamekatazwa kuingia hapo kwa sababu ya mvua kubwa na hatari ya maporomoko. SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia uchimbaji mdogo, ilitaja taharuki iliyozuka kufuatia milio ya risasi za wanajeshi waliokuwa wakilinda eneo.

Matukio haya mawili yanampa mwalimu swali ambalo vitabu vingi hulipita haraka: janga la asili ni lipi? Mvua ni ya asili, na mteremko wa udongo uliolowa hufuata sheria za fizikia. Lakini aliyechimba shimo, aliyejenga daraja, aliyemruhusu au kumzuia mtu kupita, na umaskini uliompeleka pale si mambo ya asili. Wataalamu wa majanga wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba hatari hutoka kwa maumbile, ila msiba hutengenezwa pale hatari inapowakuta watu waliowekwa mahali pabaya.

Swali hilo limo pia katika mchezo wa "Stop Disasters!", ulioanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007, ambao una toleo la Kifaransa. Mchezaji hupewa kijiji na bajeti, kisha huamua ajenge nyumba wapi, aimarishe shule ipi na aweke onyo gani kabla mafuriko au tetemeko halijafika. Mchezo una majanga matano, na kuporomoka kwa machimbo si mojawapo. Darasa la Kolwezi linaweza kuchora la sita kwenye karatasi: kijiji, shimo, mvua za Novemba na fedha zisizotosha.

Makorongo yanayomeza mitaa

Mfano mwingine uko karibu na miji mingi ya Kongo. Mwaka 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na wenzao wa Ubelgiji walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya makorongo ya mijini nchini. Kwa kutumia picha za setilaiti walipata makorongo 2,922 katika miji 26. Walikadiria kwamba kati ya 2004 na 2023 takriban watu 118,600 walilazimika kuhama.

Chanzo chake kinaeleweka hata kwa mtoto. Mabati ya nyumba na barabara zisizo na mitaro huyakusanya maji ya mvua na kuyamwaga mahali pamoja. Udongo ukiwa wa mchanga na mteremko ukiwa mkali, mfereji mdogo wa mwaka huu huwa shimo la kumeza nyumba baada ya misimu michache.

Hapa zoezi halihitaji fedha. Wanafunzi wanaweza kupima upana na kina cha mfereji ulio karibu na shule kwa kamba yenye mafundo kabla ya mvua, wakapima tena Januari na tena Aprili, kisha wakalinganisha na picha ya setilaiti. Vipimo vya miaka mitatu vya shule moja ni habari ambayo hata ofisi ya komini ingefaidika nayo.

Matetemeko, volkano na moto

Kaskazini mashariki mwa Kolwezi, mto Lualaba unapita katika bonde la Upemba, tawi la Bonde la Ufa. Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, huweka mtandaoni ramani ya matetemeko ya dunia nzima, ya sasa na ya zamani. Mwanafunzi akiichuja kwa mwaka 2005 atakuta tetemeko la Desemba 5 katika ziwa Tanganyika, lenye ukubwa wa 6.8, lililoharibu nyumba mjini Kalemie. Akiweka nukta zote za miaka 50 kwenye ramani, mstari wa Bonde la Ufa utajichora wenyewe mbele ya macho yake.

Kwa volkano hakuna haja ya kwenda Italia. Nyiragongo, juu ya mji wa Goma, ililipuka Januari 1977, Januari 2002 na Mei 22, 2021. Taasisi ya Smithsonian ya Marekani inahifadhi mtandaoni kumbukumbu zake. Elimu ya volkano duniani pia imekopa neno kutoka huko: mazuku, jina ambalo watu wa Kivu hulitumia kwa hewa nzito ya kaboni inayojikusanya mabondeni na kuua watu na mifugo. Wanasayansi wa nchi za nje huliandika hivyohivyo.

Goma ilionyesha pia thamani ya mega. Kabla ya mlipuko wa 2021, kituo kinachoichunguza volkano hiyo kilikaa miezi kadhaa bila fedha za kulipia intaneti, hivyo taarifa za vipimo vya mlimani hazikuwafikia watafiti inavyotakiwa.

Jambo ambalo Lualaba yenyewe inalijua vizuri ni moto. Wakati wa kiangazi, ramani ya FIRMS ya NASA huonyesha nukta nyekundu zikifunika eneo lote la Katanga, saa chache tu baada ya setilaiti kupita. Wanafunzi wanaweza kuhesabu nukta za Julai na za Januari, kisha wakajadili nani huwasha, kwa nini, na udongo uliobaki uchi hufanywa nini na mvua ya kwanza. Kutoka hapo somo linarudi kwenye korongo.

Mega, umeme na lugha

Hata hivyo, nchini Kongo takriban mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme. Kolwezi inaliona hilo kwa macho: waya wa umeme kutoka Inga husafiri takriban kilomita 1,700 hadi hapa tangu miaka ya 1980, hasa kwa ajili ya migodi. Shule yenye kompyuta ishirini zilizounganishwa ni nadra, na bando hutoka mfukoni mwa mwalimu.

Ndiyo maana vifaa vinavyofanya kazi bila intaneti vina uzito zaidi hapa. Kiwix huruhusu kupakua Wikipedia nzima na kuisoma baadaye kwenye simu au kompyuta bila mtandao. Kolibri hufanya kompyuta moja ndogo kuwa maktaba ambayo simu za darasa zima huisoma kwa wifi, bila mega hata moja. Mwalimu asiye na hata hivyo anaweza kupakua picha mbili za Kolwezi, ya zamani na ya sasa, sehemu yenye mtandao mzuri, akazichapisha kwenye karatasi moja na kuitumia miaka mitano.

Kikwazo cha lugha ni kikubwa kuliko kinavyoonekana. USGS na NASA huandika hasa kwa Kiingereza, shule hufundisha kwa Kifaransa, na mtoto nyumbani huongea Kiswahili. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ina makala zaidi ya 70,000, ila nyingi ni fupi. Mwalimu anayelitaja korongo, poromoko na tetemeko kwa majina hayo kabla ya kuandika Kifaransa ubaoni huokoa nusu saa ya mkanganyiko.

Picha pia zinahitaji uangalifu. Tarehe ya kupigwa isomwe kwanza, kwa sababu picha inayoonekana mpya inaweza kuwa ya miaka mitatu iliyopita. Na baada ya kila msiba, picha za nchi nyingine husambazwa kwenye WhatsApp kama za jirani. Somo la jiografia ni mahali pazuri pa kujifunza kuuliza: imepigwa wapi, lini, na nani?

Kitu ambacho setilaiti haikioni

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna kamera ya angani itakayokionyesha. Mwaka 2014, kobalti iligunduliwa chini ya mtaa wa Kasulo, na watu wakaanza kuchimba ndani ya nyua na hata sakafuni mwa nyumba zao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilibomolewa na kuzungushiwa ukuta kwa ajili ya kampuni. Setilaiti huona maturubai na mabati. Mashimo yanayopita chini ya vitanda haiyaoni.

Anayeyajua ni mwanafunzi ambaye baba, kaka au mjomba wake hushuka humo. Katika somo hili mtoto huyo ana ujuzi ambao mwalimu na kompyuta hawana, na akipewa nafasi ya kuusema bila kuonewa aibu wala familia yake kushtakiwa, darasa litapata ramani kamili zaidi: ya juu kutoka angani, ya chini kutoka kwa walioingia.

Mvua huanza Oktoba na kushika kasi Novemba, na mwaka wa masomo huanza Septemba. Kati yake kuna wiki chache za ardhi kavu, ambazo zinatosha kwa picha mbili, kamba moja ya kupimia na orodha ya dalili zitakazobandikwa ukutani. Mtoto akiinakili orodha hiyo, itafika nyumbani kabla ya mtu wa kwanza kushuka shimoni asubuhi.