Ndoano za manyoya: vyombo vya kujitengenezea



Katika ziwa Tanganyika, mgebuka (jirani zetu wa Burundi humwita mukeke) huwinda ndagala. Usiku wa giza, taa zikiwashwa, ndagala hukusanyika kwenye mwanga na mgebuka huwafuata. Asiye na wavu anaweza kumvua kwa kamba yenye ndoano zilizofungwa manyoya meupe ya kuku. Ukizipandisha na kuzishusha majini, samaki hudhani ni ndagala anayekimbia.

Shida ni vyombo vya kufungia. Katika mafunzo yetu na vijana huko Fizi tulileta koleo moja tu, nalo lilikuwa kosa letu. Kabla ya saa sita, waliobaki kijijini wakati wa vita na waliorudi kutoka ukimbizini walikuwa wakisukumana, kila upande ukisema mwingine umependelewa. Muzee mmoja hakusema neno. Alichukua kijiti, akakipasua kwa kisu. Tangu siku hiyo hatuleti koleo.

Hivi ndivyo vyombo alivyotufundisha:

1. Kibano cha ndoano. Tafuta kijiti kikavu cha urefu wa kiganja. Kipasue ncha moja, ingiza sehemu ya ndoano iliyopinda pamoja na ncha yake kali, kisha kaza kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Mgongo wa ndoano ubaki nje. Funga kijiti kwenye ukingo wa meza au benchi, mikono yote miwili iwe huru.

2. Mrija wa uzi. Toa wino katika biki iliyokwisha, pitisha uzi wa cherehani ndani ya mrija. Mdomo wa mrija ukikwaruza, usugue kwenye jiwe laini, usije ukakata uzi.

3. Kibano cha unyoya. Kibanio cha nguo kinatosha. Shika ncha ya unyoya, uzungushe kwenye mgongo wa ndoano, kisha uukaze kwa uzi.

4. Kifunga fundo. Zungusha uzi kwenye mrija mwembamba upate kitanzi. Gusisha mdomo wa mrija kwenye kichwa cha ndoano, sukuma kitanzi kiingie, vuta. Rudia mara tatu, halafu tia tone la rangi ya kucha ili maji yasilegeze fundo.

Tahadhari: musiache ndoano mchangani. Watoto hutembea bila viatu.

Mchana ule kila kijana alikuwa na kijiti chake. Hakukuwa tena na cha kugombania, wakaanza kuombana manyoya: mwenye kuku mweupe alimpa mwenye uzi. Hatusemi chuki imekwisha Fizi. Tunachosema ni kwamba chombo kimoja kinachogawiwa na mgeni kinaweza kuamsha ugomvi uliolala, na kijiti kilichopasuliwa na muzee wa kijiji kinaweza kuutuliza. Wenzetu wa mashirika, tukumbuke hilo kabla ya kupakia gari.