Mtoto mmoja, tarehe mbili

Mzazi anapoleta mtoto darasa la kwanza, sisi walimu tunaanza na ulizo moja: amezaliwa tarehe gani? Kwa mama aliyetoka Iran na sasa anaishi Ulaya ao Marekani, ulizo hilo lina majibu mawili, na yote ni ya kweli.

Kule Iran mwaka hauanzi Januari. Unaanza wakati mchana na usiku vinapolingana, tarehe 20 ao 21 Machi, na sikukuu yake inaitwa Nowruz, maana yake siku mpya. Miaka wanaihesabu tangu Mtume Muhammad alipohama Makka, mwaka 622. Kwa hiyo sisi tulipoingia 2021, wao walikuwa bado katika 1399.

Hapo ndipo penye hatari. Njia ya haraka ni kuchukua mwaka wao na kuongeza 621. Hesabu hiyo ni nzuri mpaka mwisho wa Desemba tu. Tuseme mtoto amezaliwa tarehe 15 ya Dey, mwezi wao wa kumi, mwaka 1399. Ukiongeza 621 unapata 2020. Kumbe alizaliwa tarehe 4 Januari 2021! Karatasi ikiandikwa vibaya hivyo, mtoto amebebeshwa mwaka mzima usio wake. Ataingia shule mbele ya wakati, atakaa na wenzake waliomzidi, na watu watasema ni mzito wa akili. Sisi tunaofundisha wadogo tunajua mwaka mmoja ni mkubwa namna gani kwa mtoto wa miaka sita.

Hata karatasi ikiwa sawa, siku ya kuzaliwa haitulii. Mwaka uliofuata, 15 Dey iliangukia tarehe 5 Januari, kwa sababu 1399 ulikuwa na siku 366. Nyanya wa Tehran atapiga simu leo, shule ya Ulaya iliimba jana. (Watoto wenyewe hawalalamiki, keki ni mbili.)

Mwaka mpya nao unafuata jua. Mwaka 1400 uliingia Tehran saa saba na dakika 7 mchana. Los Angeles, wanakoishi Wairani wengi, ilikuwa saa nane na dakika 37 usiku. Anayetaka kuupokea na watoto wake anawaamsha, wanakaa mbele ya meza yenye vitu saba vinavyoanza na herufi S katika lugha yao: tofaa, kitunguu saumu, siki, ngano iliyochipua na vingine. Iran shule zinafungwa karibu majuma mawili. Ugenini, kama si siku ya posho ao ya Mungu, kunakucha na mtoto anabeba mfuko wake.

Hata juma lao linaanza siku ya posho, na mapumziko ni Ijumaa. Siku yetu ya kwanza, katika jina lao mna hesabu ya mbili.

Mwalimu anayempokea mtoto wa namna hiyo aulize mwezi pia, si mwaka peke yake. Tangu tarehe 11 ao 12 ya Dey mpaka Nowruz, inaongezwa 622.