KODI NDANI YA KODI

Kabla sijaingia katika mada yangu nataka nikuulize swali dogo la Kiswahili. Mtu akikuambia, "Leo nimelipa kodi," je, amemlipa nani? Wewe utasema amelipa serikali. Jirani yako kwenye dawati atasema amemlipa mwenye nyumba. Nyote wawili mmepata, manake lugha yetu imevipa vitu viwili jina moja. Kodi ni pesa za serikali, na kodi vilevile ni zile pesa ambazo mpangaji humpelekea mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi. Ili tusichanganyikiwe, humu ndani nitaziita pesa za mwenye nyumba "pango", na za serikali nitaziita "kodi".

Mada yenyewe ni kodi ya ardhi, yaani ile ambayo kaunti humtoza mtu mwenye kiwanja mjini. Kila baada ya muda husikia redioni kwamba kodi hii imepunguzwa au imesamehewa "ili kuwapa nafuu wafanyabiashara wadogo". Mimi nilitaka kujua kama nafuu hiyo huwafikia kweli, yule kinyozi, fundi wa viatu na mama mwenye duka la chumba kimoja.

Tuanze na sheria. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 209, inazipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na majengo. Kaunti huwa na daftari ambalo kila kiwanja kimeandikwa humo pamoja na thamani yake, halafu bunge la kaunti hupitisha ni sehemu gani ya thamani hiyo italipwa kila mwaka. Katika miji yetu mingi kinachohesabiwa ni thamani ya kiwanja kitupu, kana kwamba hakuna kilichojengwa. Kwa hivyo watu wawili wenye viwanja sawa, vilivyopakana, hulipa sawa hata kama mmoja amejenga maduka ya ghorofa nne na mwenzake amepanda sukuma wiki. Wengine huona jambo hili kuwa dhuluma. Mimi naona lina akili yake, kwa sababu linamsukuma mwenye sukuma wiki ajenge, na halimwadhibu aliyejenga.

Shida ni kwamba daftari lenyewe huzeeka. Nairobi ilitumia thamani za mwanzo wa miaka ya 1980 kwa muda mrefu sana, mpaka daftari jipya lilipotayarishwa mwaka 2019. Hebu fikiria kiwanja ambacho wakati ule kilikuwa kichaka, na sasa barabara ya lami imepita mlangoni! Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kitaifa kuhusu kodi hii, ikachukua mahali pa zile za zamani, ambazo moja yake ilitungwa mwaka 1956, enzi za mkoloni.

Sasa tazama hapa. Jina lililoandikwa katika daftari la kaunti ni la nani? Ni la mwenye kiwanja. Kinyozi hayumo. Mama wa duka hayumo. Hao wanalijua jengo la kaunti kwa mambo mengine: kibali cha biashara cha kila mwaka, na ushuru wa soko ambao mkusanyaji huja nao na kitabu chake cha risiti asubuhi hata kabla hujauza nyanya moja. Kaunti inapotangaza msamaha wa riba na faini za kodi ya ardhi, kama ambavyo Nairobi na kaunti nyingine zimewahi kufanya, anayesamehewa ni mwenye kiwanja aliyechelewa kulipa. Hata yule mwenye kiwanja aliyelipa kwa wakati hapati kitu! Lakini hayo tuyaache.

Utaniuliza, je, mwenye kiwanja akisamehewa si naye atampunguzia mpangaji pango? Nilidhani hivyo pia, mpaka nilipoona mambo ya mama yangu mdogo. Yeye ni fundi wa nguo, ana cherehani mbili katika chumba cha kukodi karibu na kituo cha matatu. Mwaka uliopita mwangalizi wa ploti alipita mlango kwa mlango akisema kodi ya kaunti imepanda, kwa hivyo kila chumba kitaongezwa shilingi 1,000. Wote wakalipa. Miezi michache baadaye ikatangazwa kwamba riba na faini zimesamehewa. Mama mdogo akamwuliza mwangalizi kama pango litashuka. Yule bwana alicheka tu, akamwambia, "Mama, umewahi kuona mto ukirudi mlimani?"

Nilipofika nyumbani nilichukua karatasi nikafanya hesabu. Sijui mwenye ploti ile hulipa ngapi, kwa hivyo nimetunga mfano wangu. Tuseme ploti ina vyumba 6 vya biashara, na kodi yake ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Kaunti ikaipandisha maradufu, ikawa 48,000. Nyongeza ni 24,000. Gawanya kwa miezi 12, unapata 2,000 kwa mwezi. Gawanya kwa vyumba 6, unapata shilingi 333 na senti kidogo kwa kila chumba. Sasa mwenye ploti akiongeza 1,000 kwa kila chumba, anakusanya 6,000 zaidi kwa mwezi, ambazo ni 72,000 kwa mwaka. Akishaipa kaunti ile nyongeza yake ya 24,000, anabaki na 48,000. Yaani kodi imepanda, naye amepata faida kutokana na kupanda kwake! Wanafunzi wa kidato cha kwanza, rudieni hesabu hiyo wenyewe msije mkasema nimewadanganya.

Hata hivyo nisimwonee mwenye ploti, kwani huenda ana mkopo wa benki. Ninachotaka tuelewe ni jinsi pango linavyopangwa. Muuza kabichi akitozwa sana anaweza kuacha kuleta kabichi, zikapungua sokoni, na bei ikapanda. Lakini kiwanja hakiwezi kuondolewa sokoni kikapelekwa mji mwingine. Kiko palepale, kodi ikipanda au ikishuka. Pango la chumba karibu na kituo cha matatu hutegemea kwamba watu wengi wanakitaka chumba hicho na wako tayari kutoa kiasi fulani. Kama mwenye ploti angeweza kupata 1,000 zaidi, angeweza kuzidai hata jana. Kodi ya kaunti inampa kisingizio cha kuzidai leo, na wapangaji wanakubali kwa kuwa wenye ploti wengine wote wanaimba wimbo huohuo. Kodi ikishuka, wanaotaka chumba ni walewale, kwa hivyo pango halina sababu ya kushuka. Nafuu inakomea kwa yule ambaye jina lake liko katika daftari.

Kuna nchi ambako wamejaribu njia nyingine, nayo ni Uingereza, ambako mkoloni wetu alitoka na vitabu vyake vya kodi. Kule kodi ya namna hii ni ya kale mno. Mizizi yake iko katika sheria ya mwaka 1601 ya kuwatunza maskini, ambapo kila parokia ilitoza watu wake. Siku hizi maduka na karakana za huko hutozwa kwa kukadiria pango ambalo jengo lingeweza kuleta kwa mwaka, na tofauti kubwa na yetu ni kwamba anayelipa ni yule anayelitumia jengo. Kinyozi wa huko yumo daftarini kwa jina lake.

Kwa hivyo wao wanaweza kumpa kinyozi nafuu moja kwa moja. Katika sehemu ya England mpango huo ulianza mwaka 2005. Tangu 2017, mtu mwenye jengo moja tu la biashara, ambalo thamani yake ya pango kwa mwaka haizidi pauni 12,000, halipi kodi hiyo hata senti. Kutoka hapo nafuu inapungua polepole: mwenye jengo la 13,500 husamehewa nusu, na ikifika 15,000 nafuu imekwisha. Nimeipenda ile "polepole". Kama ingekatwa ghafla kwenye 12,000, mtu wa 12,001 angelia.

Wao pia wana kasoro. Kinachopimwa ni jengo, biashara yenyewe haipimwi. Wakili mwenye ofisi ndogo na pesa nyingi anaweza kusamehewa yote, na fundi wa makabati anayehitaji karakana kubwa ya kuwekea mbao asisamehewe chochote, hata kama faida yake ni ya kununulia chai. Tena lile jambo la mwangalizi wetu wa ploti limewafuata hadi kule. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali yao ilichagua maeneo fulani yaliyokuwa yamekufa kibiashara, mojawapo likiwa Isle of Dogs jijini London mwaka 1982, ikasema biashara zitakazokwenda huko hazitalipa kodi ya majengo kwa miaka 10. Waliochunguza maeneo hayo waligundua kwamba pango lilipanda ndani ya mipaka yake, na sehemu kubwa ya nafuu ikaishia kwa wenye ardhi. Mpangaji aliokoa upande wa kodi akatoa upande wa pango. Ama kweli kodi ndani ya kodi!

Je, basi hakuna la kufanya? Liko. Kwanza, kaunti ikitaka kweli kumsaidia mwenye biashara ndogo iguse kile anacholipa kwa mkono wake mwenyewe, yaani kibali na ushuru wa soko. Shilingi 1,000 ikipunguzwa kwenye kibali cha fundi mwenye chumba kimoja, inabaki katika meza yake siku hiyohiyo. Najua mwenye ploti mjanja anaweza kuinusa nayo baadaye, lakini itamchukua muda, na wako wafanyabiashara wengi wasiokodi chumba kabisa.

Pili, wapangaji waijue sheria moja ambayo mama mdogo hakuwa ameisikia, na nadhani hata baadhi ya walimu wetu (samahani mwalimu) hawajaisikia. Ni Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, ya mwaka 1965, inayohusu wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. "Duka" humo ni pamoja na mahali pa kutoa huduma kwa malipo, hivyo kinyozi na fundi wa nguo wamo. Ikiwa mpangaji hana mkataba wa maandishi, au mkataba wake hauzidi miaka mitano, mwenye jengo hawezi kuongeza pango kwa kutuma mtu kupiga kelele mlangoni. Ni lazima ampe ilani kwa fomu maalum iliyowekwa na sheria, na ilani hiyo haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita. Mpangaji asipokubali, anaweza kwenda kwenye baraza linaloamua mizozo ya pango la majengo ya biashara kabla ya siku hiyo, na nyongeza itangoje mpaka baraza liamue. Mbele ya baraza ndipo ile hesabu ya 333 na 1,000 ina kazi. Wanaokodi vibanda vya kaunti au vya serikali hawamo katika ulinzi huu, jambo ambalo kwa maoni yangu halifai, manake hao ndio wengi sokoni.

Tatu ni hizi nafuu zenyewe. Ibara ya 210 ya Katiba inasema kodi haiwezi kutozwa wala kusamehewa ila kwa mujibu wa sheria, na kwamba kila msamaha uandikwe katika kumbukumbu za umma pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu apewe taarifa. Yaani majina ya waliosamehewa yanapaswa kuwepo mahali. Tungeyaona, tungejua ni wangapi kati yao wana duka la chumba kimoja na ni wangapi wana maghorofa. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari humruhusu raia kuomba, na ofisi inatakiwa kujibu katika muda wa siku 21. Tumelizungumza jambo hili katika mkutano wa chama, na barua ya kuiomba kaunti yetu kumbukumbu hizo imekwisha kuandikwa, kwa Kiswahili sanifu. Imebaki sahihi ya mlezi wa chama.