Kabla ya Kupanda Margherita, Ijue Damu Yako

Kilele cha Margherita kwenye milima ya Rwenzori kina urefu wa mita 5,109, na mpaka wa Uganda na Kongo unapita juu yake. Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia, alikifikia mwaka 1906. Mkazi wa Tegeta au Mbagala anayepanga kukipanda huuliza kwanza habari za baridi, kamba na pasipoti. Sisi madaktari tungependa aanze na damu.

Hewa ya kileleni ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya Temeke. Kinachopungua ni kanieneo yake: kule juu hubaki zaidi kidogo ya nusu ya ile ya pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni haba. Mwili hujibu kwa kuhema haraka, kabonidioksaidi hutoka kwa wingi, kisha figo huchukua siku kadhaa kurudisha uwiano wa tindikali katika damu. Mazoezi hayafupishi siku hizo. Anayekimbia Coco Beach kila asubuhi huwa hatarini zaidi pale miguu yake inapoitangulia damu yake.

Ukishavuka mita 3,000, kila usiku usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na pumzika siku nzima kila baada ya siku tatu au nne. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, usipande zaidi. Mtu akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa au kuhema akiwa ameketi, ubongo unavimba au mapafu yanajaa maji. Ateremshwe papo hapo, hata kama ni usiku, kwa njia aliyopandia.

Halafu kuna sikoseli, ambayo waandaaji wa safari huitaja mara chache mno. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande. Aliyerithi kinasaba kimoja tu haumwi, na Watanzania wengi wa namna hiyo hawajijui. Oksijeni ikishuka sana, chembe zake nyekundu zaweza kupinda na kuziba mishipa ya bandama. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, na wenzake wakidhani ni chakula cha kambini, wanampotezea muda wa kushuka.

Kipimo cha kinasaba cha sikoseli ni cha damu kidogo tu. Ukikutwa na kinasaba hicho, zungumza na daktari kabla ya kulipia safari, ongeza siku za kupanda, na mweleze kiongozi wa msafara mkiwa bado mjini Kasese, kabla ya kuanza kupanda.