Vijenzi vya Kuazima katika Programu za Kompyuta

Fomu nyingi za kompyuta humtaka mtu ataje tarehe yake ya kuzaliwa. Abonyezapo nafasi iliyoachwa wazi, hutokea kalenda ndogo, naye huchagua siku, mwezi na mwaka. Jambo hili laonekana dogo, lakini nyuma yake mna hesabu. Mwaka unaogawanyika kwa 4 ni mwaka mrefu, wenye siku 366. Hata hivyo, unaogawanyika kwa 100 si mrefu, isipokuwa ukigawanyika pia kwa 400. Ndiyo maana mwaka 2000 ulikuwa mrefu, lakini mwaka 1900 haukuwa. Mtunzi wa programu asiyeijua kanuni hii huweka tarehe 29 Februari mahali isipostahili.

Je, kila mtunzi alazimike kuitunga kalenda upya? La. Kalenda, kitufe, menyu au jedwali huweza kutungwa mara moja na kutumika mahali pengi. Sehemu ya namna hiyo huitwa kijenzi. Programu-jalizi ni kipande kinachochomekwa katika programu nyingine ili kuiongezea uwezo, na kiunzi ni msingi wenye kanuni za kuchomeka huko. Uhusiano huu wafanana na ule wa plagi na soketi: pasi, redio na jokofu hutofautiana kwa kazi, lakini zote hupata umeme ukutani bila fundi kuubomoa ukuta, kwa sababu plagi zake zimefuata kipimo kimoja.

Wazo hili si geni. Mwaka 1991 Visual Basic ya kampuni ya Microsoft iliwawezesha watunzi kupanga katika dirisha vijenzi vilivyotungwa na watu wengine. Mwaka 2006 John Resig wa Marekani alitoa jQuery, kwa ajili ya kurasa za tovuti; na mwaka 2007 ikafuata jQuery UI, ambayo ina kalenda miongoni mwa vijenzi vyake.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza, kivinjari hupakia faili la jQuery. Pili, hupakia faili la programu-jalizi, nalo huandikisha jina la kazi mpya katika kiunzi. Tatu, ukurasa hutaja, kwa alama maalumu, mahali panapotakiwa kalenda. Kiunzi hupatafuta na kukiweka kijenzi hapo. Programu-jalizi ikitangulizwa mbele ya kiunzi, hukosa pa kujiandikisha, na kalenda haitokei.

Faida yake ni dhahiri: kosa likisahihishwa katika kijenzi, kila ukurasa unaochukua toleo jipya hupona. Lakini kosa nalo huenea kwa njia ile ile. Tena, programu-jalizi iliyomo katika ukurasa huweza kusoma yanayoandikwa humo, hata neno la siri. Mwezi Machi 2016 mtunzi mmoja alikiondoa kipande kiitwacho left-pad katika ghala la npm. Kilikuwa na mistari 11 tu, kwa kazi ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Lakini maelfu ya programu zilikitegemea, na kazi ya kuziunda ilikwama mpaka kiliporejeshwa baada ya saa chache.

Kwa hiyo anayeazima kijenzi hana budi kukipima kwanza. Mwanafunzi na aifungue kalenda yoyote ya kompyuta, aende hadi Februari 2100. Akikuta siku 29, kijenzi hicho hakifai.