SOMO LA REDIO: JINSI YA KUITUNZA NA KUITENGENEZA CHEREHANI YA NGOZI

Hiki ni kipindi cha Elimu ya Watu Wazima. Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Ikiwa darasani mna fundi viatu au fundi wa mikoba, mwombeni akae mbele, maana leo tutamhitaji. Nawe mwalimu, kama waweza, weka mezani sindano moja ya cherehani na uzi kidogo.

Labda mtauliza, kuna uhusiano gani baina ya kusoma na cherehani? Nitawaambia. Fundi mmoja niliyemtembelea alikuwa amepokea kazi ya viatu vya watoto wa shule, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Cherehani yake ikaanza kuruka mishono. Akakaza skrubu moja, haikusaidia. Akalegeza ya pili, akageuza ya tatu, akafungua ya nne, na wala hakuweka alama kuonyesha kila moja ilikuwa wapi. Siku ya tatu akamwita fundi wa mashine kutoka mjini, akamlipia nauli. Yule akachomoa sindano, akaiweka kando ya nyingine, akatikisa kichwa. Ilikuwa sindano ya aina nyingine, fupi kidogo kuliko inayotakiwa. Pakiti yake ilikuwa pale pale mezani, na maandishi yake yalisema wazi. Lakini mwenye mashine alikuwa hajui kusoma. Sindano ilibadilishwa kwa dakika moja, na kuzirudisha skrubu mahali pake kukachukua siku nzima. Kufikia hapo, wazazi wengi walikuwa wamekwenda kununua viatu kwingine.

Basi, kwanza tuelewe mshono unavyofanyika. Cherehani hutumia nyuzi mbili, mmoja wa juu unaopita katika tundu la sindano, na mmoja wa chini uliozungushwa katika bobini. Sindano hushuka na uzi wake, hutoboa ngozi, hufika chini kabisa, kisha huanza kupanda. Inapopanda kidogo, kama milimita 2 hivi, uzi ulio upande wake wa nyuma hubaki ukajikunja na kufanya kitanzi kidogo. Hapo chombo cha chini kinachobeba bobini, chenye ncha kama ndoano, hupita karibu na sindano, hukinasa kitanzi kile na kukizungusha kwenye bobini. Nyuzi mbili zikafungana. Mmarekani Elias Howe alipata hati ya cherehani ya mshono wa namna hii mwaka 1846, na mpaka leo mashine nyingi hufuata njia hiyo hiyo.

Mwalimu, simama hapa. Piga sindano katika kipande cha ngozi mbele ya darasa, kisha uivute juu polepole. Watazame kitanzi kinavyojitokeza.

Mkikielewa kitanzi hiki mmeelewa nusu ya matengenezo yote. Mshono ukirukwa, maana yake ndoano imepita na kitanzi haikukikuta. Pengine sindano ni fupi, au imepinda, au imewekwa upande usiofaa. Pengine ncha ya ndoano imekuwa butu. Au pengine sindano na ndoano hazikutani kwa wakati wake. Hilo la mwisho ndilo watu hulikimbilia kwanza, nalo ndilo hutokea mara chache.

Sasa shikeni sindano. Upande mmoja mtaona mfereji mrefu, na upande wa pili, karibu na tundu, mtaona pamechongwa kidogo. Mfereji mrefu hukaa upande ule uzi unakoingilia tunduni. Pale palipochongwa hutazama ndoano, ili ndoano ipite karibu sana bila kugusa. Sindano ya nguo ina ncha ya mviringo, inayotafuta njia baina ya nyuzi za kitambaa. Ngozi haina nafasi hizo, kwa hiyo sindano yake ina ncha yenye makali, inayokata. Ukiitumia ya nguo juu ya ngozi nene itapinda au itavunjika, na kipande kikiruka chaweza kuingia jichoni.

Namba za sindano tusome pamoja. Pakiti huandikwa namba mbili, mathalan 110/18. Namba kubwa ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 110 ni milimita 1 na sehemu 10 za mia. Namba ndogo ni hesabu ya zamani ya mafundi. Kadhalika mtaona 100/16, 120/19 na 140/22. Andikeni. Lakini tahadhari, namba hizi ni za unene tu. Aina ya sindano, yaani urefu wake na umbo la shina lake, huandikwa mbali, na kila mashine ina aina yake. Afadhali uhifadhi pakiti ya kwanza na kwenda nayo dukani, usitegemee macho ya muuza duka.

Kujua kama uzi na sindano vinapatana, tungeni uzi tunduni, ushikeni pande mbili ukiwa umenyooka na kuinama. Sindano ikiteremka yenyewe, vyafaa. Ikikwama, uzi ni mnene mno, nao utachanika kila mara na fundi atailaumu mashine bure.

Tuje kwenye mashine yenyewe. Wengi wenu mmeiona ile yenye mkono mwembamba mrefu, ambao kiatu huvikwa juu yake kama soksi mguuni. Mojawapo iliyojulikana sana ni Singer 29K, iliyotengenezwa katika kiwanda cha Clydebank, Scotland. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980, ila cherehani zake bado zinafanya kazi vibarazani. Siku hizi zipo pia za China za kuzungushwa kwa mkono. Hizi hazina meno ya kusukuma kutoka chini kama ya nguo. Mguu wake wa juu ndio unaoibana ngozi na kuisogeza, nao waweza kugeuzwa pande zote, hivyo fundi hushona kiraka bila kukizungusha kiatu.

Kwa sababu hiyo magonjwa yake ni ya namna yake. Mishono ikianza kuwa midogo bila wewe kugusa kipimo, tazama meno yaliyo chini ya mguu, huenda yamelika, na ngozi inateleza. Tazama pia kama springi ya kukandamiza imelegea. Ndani ya ule mkono mwembamba mna fimbo yenye meno, inayokizungusha kigurudumu kidogo cha meno kilicho chini ya bobini. Meno haya yakilika, ndoano huchelewa, na mishono hurukwa hata sindano ikiwa mpya. Ukivifungua, weka alama kwa rangi au msumari mahali meno yanapokutana kabla ya kutoa chochote. Ukirudisha ukakosea jino moja tu, mashine haitashona kabisa. Mimi nimeliona hilo likitokea, na fundi aliapa kwamba amerudisha kila kitu sawasawa.

Viwandani ziko nyingine, ambazo sindano, mguu na meno ya chini husogea pamoja, ili tabaka mbili za ngozi zisiachane. Nyingi huendeshwa kwa mota ya umeme. Sikilizeni vizuri hapa. Mota nyingi za zamani zina klachi chini ya meza, na ukizima swichi, mota huendelea kuzunguka kwa muda. Kijana mmoja alizima swichi, akaingiza kidole kutunga uzi, mguu wake ukagusa pedali. Sindano ilipita ukuchani ikatokea upande wa pili. Basi zima swichi, chomoa plagi, kisha kanyaga pedali mpaka mashine itulie kabisa. Ndipo uingize mkono.

Mafuta. Tumia mafuta mepesi ya cherehani, yaliyo meupe kama maji. Mafuta ya kupikia na ya nazi hayafai, maana hukauka yakawa kama gundi. Oili iliyotolewa katika gari ina vumbi la chuma ndani yake, nayo husaga badala ya kulainisha. Kwa mashine inayofanya kazi kutwa nzima, tia tone moja moja kila asubuhi katika kila tundu na pale vyuma vinapokutana, uiendeshe tupu kidogo, kisha ushone kwanza kipande kibovu kinyonye ziada. Mashine iliyoganda kwa mafuta mabaya itie mafuta ya taa kidogo, izungushe kwa mkono polepole, ipanguse, ndipo utie mafuta yake. Usiilazimishe kwa nyundo! Na mafuta ya taa yasikaribie moto wala sigara.

Tena gundi. Mafundi wetu hupaka gundi na kushona mara moja, mteja akiwa amesimama. Sindano huchukua gundi ile na kuipeleka mpaka kwenye ndoano. Ngojea ikauke, na sindano ipanguse kwa kitambaa kila mara. Chini ya bobini toeni vumbi la ngozi kwa brashi. Walio pwani wafunike mashine usiku, kwa kuwa kutu huanzia kwenye ncha ya ndoano, na ncha yenye kutu hukata uzi.

Sasa juu ya kukaza uzi. Vitanzi vikionekana upande wa chini wa ngozi, wengi hugeuza bobini. Sivyo. Mara nyingi uzi wa juu ndio umelegea, au haukuingia baina ya vile visahani viwili vinavyoubana. Inua mguu, tunga upya tangu mwanzo, kisha jaribu. Vifundo vikionekana upande wa juu, uzi wa juu umekazwa mno au wa chini umelegea. Geuza skrubu robo moja tu, shona, tazama.

Kazi ya juma hili ni hii. Chora ukurasa wenye safu nne, na juu yake uandike: TAREHE, MAFUTA, SINDANO, SKRUBU. Kila unapoigusa mashine, andika ulichofanya, na skrubu uliigeuza upande gani na kiasi gani. Asiye na cherehani amtembelee fundi wa jirani, amsaidie kuandika. Walimu, kusanyeni kurasa hizo kabla ya somo lijalo, ambalo litakuwa juu ya kunoa visu na mikasi. Kwa herini.